Majivu ya Getini

Mimi nilikuwa beki wa kati. Nalisema hilo mapema ili ujue ubishi wangu ulikotoka. Mtu aliyekaba washambuliaji wa ligi kuu ya nyumbani mpaka goti likamkatalia huwa anaamini vitu vichache: mpira, mtu anayeufuata, na nafasi iliyo nyuma ya mgongo wake. Mengine yote kwangu yalikuwa kelele za jukwaani. Kwa hiyo kilichonikuta Guangzhou kiliniacha nimepigwa na butwaa, na mpaka leo sijakimaliza.

Nilikwenda kule kumfuata mke wangu. Yeye ni wakala wa mizigo. Wafanyabiashara wa Kariakoo na Unguja wananunua nguo soko la Zhanqian na viatu soko la Zhanxi. Yeye anakusanya, anafunga, anapakia kontena na kuhakikisha limefika bandari ya Huangpu. Mimi, pamoja na chuma nilichowekewa gotini, nikawa mbeba marobota wake. Wateja walinitambua. Walinishika mkono kwa furaha, wakanikumbusha penalti niliyosababisha enzi zile, wakapiga na picha na mimi, halafu wakaninyooshea kidole robota la kushusha kwenye mkokoteni. Mke wangu alicheka. Mimi pia nilicheka, lakini tulipofika nyumbani nilimwambia kwamba akitokea mtu mwingine wa kuniita mkongwe huku ananitwisha mzigo, mzigo huo utapitia dirishani.

Nilitaka kuwa kocha, na haikuwa kwa ajili ya heshima tu. Kibali changu cha kukaa China kilikuwa kinaelekea kwisha, na safari hii hakikuwa na pa kuegemea. Nikipata kazi yenye mkataba, nabaki. Nisipopata, narudi Dar, mke wangu anabaki na ofisi yake, na ndoa yetu inahamia kwenye simu. Tulishaishi hivyo miaka mingi nilipokuwa nacheza na yeye anaanza biashara, na hakuna kati yetu aliyetaka kurudia.

Mlango uliokuwa wazi ulikuwa mmoja. Kulikuwa na bwana mmoja Mchina aliyemuuzia mke wangu jezi za jumla. Tulimwita laoban, kama tunavyowaita mabosi wote wa pale. Mbali na jezi, alikuwa na kituo cha kufundisha watoto mpira, na alitafuta kocha wa ulinzi, maana kila mzazi alitaka mwanawe afunge magoli na hakuna aliyejua kuyazuia. Mke wangu alinisifia kwake kwa maneno ambayo hajawahi kuyasema mbele yangu. Laoban akajibu kwamba vyeti havimhusu. Atakuja Jumapili moja aangalie timu ninayoifundisha, ndipo aamue.

Timu yenyewe ilikuwa ya Watanzania wa Guangzhou: wauza simu, mawakala, wanafunzi wa vyuo, na bwana mmoja ambaye hatukuwahi kujua anafanya nini. Walikuwa wanafungwa na kila mtu. Nadhani waliniomba niwafundishe kwa kunihurumia, baada ya kuniona na marobota. Niliwafundisha kitu kimoja, kuongea. Beki asiyeongea ni nguzo ya taa, watu wanaizunguka na kuendelea na safari zao. Niliwapanga mstari bila mpira, nikawatembeza mbele na nyuma, na kila hatua lazima mtu atoe sauti: panda, shuka, wangu huyo, angalia nyuma yako. Waliona haya sana. Wapita njia walisimama kutuangalia.

Aliyenisumbua zaidi ndiye aliyekuwa na kipaji zaidi, kijana wa Mbeya aliyekuwa anamalizia shahada ya udaktari katika uhandisi wa madaraja. Miguu mizuri, akili nzuri, mdomo umeshonwa. Kichina alikiongea vizuri mno, na madukani yeye ndiye aliyenitafsiria, lakini akiingia uwanjani anakuwa bubu. Nilimweka katikati ya ulinzi, nikasimama nyuma yake mazoezi baada ya mazoezi, nikimnong'oneza cha kusema, mpaka akaanza kukisema kabla yangu. Siku alipomfokea wakala mmoja wa umri wa baba yake kwa kuacha nafasi, nilirudi nyumbani kwa miguu na goti halikuniuma. Nilijua sasa nina kitu cha kumwonyesha laoban.

Jumapili aliyoahidi kuja tulikuwa tunacheza na Wakongo, kwenye uwanja wa kukodi wenye nyasi bandia, umezungushiwa uzio wa waya na una geti moja. Nilifika nimevaa shati alilolipiga pasi mke wangu mwenyewe, jambo ambalo si la kawaida nyumbani kwetu. Wakongo walikuwa ndani wanapasha misuli. Timu yangu yote ilikuwa imesimama nje ya geti, kimya, kama watu waliofika msibani wakasita kubisha hodi. Chini, kwenye saruji ya getini, kulikuwa na majivu ya karatasi, vijiti vya ubani vilivyoungua nusu, na chungwa moja.

Kando ya majivu alisimama mzee mmoja wa kwetu, muuza mikoba ya kike, aliyekaa Guangzhou kuliko sisi sote. Yeye ndiye aliyetununulia jezi. Hakuna aliyemchagua, lakini alikuwa ndiye kamati yetu ya ufundi. Msomaji wa nyumbani anajua kamati ya ufundi ni kitu gani. Kazi yake haihusiani na ufundi wa mpira. Hao ndio wanaoamua timu isitumie chumba cha kubadilishia nguo, iingie kinyumenyume, iruke ukuta na geti liko wazi. Nikiwa mchezaji nimeruka kuta nyingi, mikoani na nje ya nchi, kwa kuwa niliambiwa ruka. Nilipoanza kufundisha nilisema kwangu hayo basi.

Mzee aliniambia kwa sauti ya chini kwamba geti limetegwa. Nilicheka. Nikawaeleza kitu ambacho wote walikijua kuliko mimi: ule ulikuwa mwezi ambao wenyeji wanawachomea karatasi marehemu wao, barabara nzima ilikuwa na majivu ya namna ile, na hata mlinzi wa jengo letu alikuwa amechoma ya kwake pale kwenye ngazi. Nikamgeukia kijana wa madaraja, nikitegemea msaada wa msomi.

"Najua, kocha," akasema. "Lakini kwa nini leo, na kwa nini getini kwetu?"

Nilimtazama nikidhani ananitania. Hakuwa na utani. Mtu anayepiga hesabu za upepo na uzito wa treni juu ya daraja alikuwa analiangalia chungwa na jasho linamtoka puani. Mzee alikuwa ameshaonyesha njia. Nyuma ya goli la mbali, penye mapipa ya taka, uzio ulikuwa mfupi kidogo. Wakaenda kuuruka mmoja mmoja na mabegi yao: wauza simu, mawakala, hadi kipa wetu mnene, ambaye nilikuwa nimembembeleza tangu tuanze mazoezi aruke kudaka krosi akasema mgongo unamuuma. Wa kwanza kuruka alikuwa yule kijana.

Hapo hasira ikanipanda. Mimi nikikasirika huwa sipigi kelele, natenda. Wakiwa wote wananiangalia kutoka ndani ya uzio, nilitembea mpaka kwenye majivu, nikayasaga kwa kisigino, nikaliponda na chungwa, nikapita getini kifua mbele. Nikafuta viatu kwenye nyasi. Nikawaambia haya, tupashe misuli, mechi inaanza.

Walipasha, lakini mbali na mimi. Nikimsogelea mtu anahama. Niliwarushia chupa za maji, zikaanguka chini, hakuna aliyezidaka. Nilipokaa kwenye benchi, wachezaji wa akiba waliinuka wakaenda kukaa kwenye nyasi. Yule niliyemkabidhi kitambaa cha unahodha alikipokea kwa ncha za vidole, akakivaa akiwa amegeuza uso. Sikuamini kwamba watu niliokula nao wali na kubeba nao mizigo kontena likipakiwa walikuwa wananikwepa hivyo.

Kipindi cha kwanza ulinzi wangu ulikaa kimya kabisa. Nilipopaza sauti kutoka benchi, walishtuka badala ya kunisikia. Goli la kwanza mshambuliaji alipita katikati ya watu wawili waliokuwa wanangojeana. La pili, kijana wa madaraja alisimama akiutazama mpira unampita, mikono imening'inia. Niliyafahamu makosa yale yote, nilikuwa nimeyafuta kwenye miguu yao kwa kazi ngumu, na sasa yalikuwa yamerudi yote pamoja katika siku moja. Nilimshukuru Mungu kwamba laoban alikuwa hajafika, na mke wangu, aliyekuwa anamleta, alikuwa ameniandikia kwamba wamekwama kwenye foleni.

Wakati wa mapumziko walikwenda kukaa karibu na uzio, mzee akiwa upande wa nje. Niliwafuata na hotuba yangu tayari. Nikaanza: watu wazima, wasomi, mnaogopa karatasi iliyoungua. Kijana wa madaraja akanikatisha, na hakuwahi kunikatisha kabla ya siku hiyo.

"Kocha, majivu hatuyaogopi tena," akasema. "Tunakuogopa wewe."

Akaeleza macho yakiwa chini. Wao wameruka, wako salama. Mimi nimekanyaga na kuingia nayo, na kila ninapotamka neno wanahisi limebeba yale majivu. Sauti yangu ikimfikia, koo linambana. Alisema anajua ni upuuzi. Alilirudia hilo, kwamba anajua kabisa, ana shahada mbili na anatafuta ya tatu, na koo linambana hivyo hivyo.

 Nilipokuwa beki ningeingia mwenyewe, nikamkaba yule mshambuliaji, mambo yakaisha. Wenzangu waamini wanachotaka, mimi nina miguu yangu. Sasa uwanjani sikuwa na miguu ila ya kwao, na ya kwao ilikuwa imegoma kwa sababu ya kisigino changu. Kazi niliyoitaka, kibali, mke wangu, vyote vilining'inia kwenye koo la kijana mmoja aliyeogopa kunisikia. Nilitaka kumzaba kibao. Nilitaka pia kukaa chini nilie, nikiri hilo. Badala yake nikamuuliza mzee dawa yake ni nini.

Mzee hakunicheka, na kwa hilo namheshimu hadi leo. Alisema nitoke, nivue viatu niviache nje, ninawe miguu, kisha niingie walipoingia wenzangu. Nikatoka. Alinimiminia maji ya chupa miguuni taratibu, akitaja jina la Mwenyezi Mungu, wala hakuongeza kitu kingine. Halafu nikaupanda uzio, peku, na goti langu linalolia. Juu kabisa waya ukaing'ang'ania suruali. Nikabaki pale juu, mguu mmoja ndani na mwingine nje, nikijaribu kuichomoa bila kuichana. Nilipoinua uso nikamwona laoban anaingia getini, mke wangu pembeni yake, nyuma yao wazazi kadhaa wa watoto wa kituo. Wazazi walikuwa wameshanyanyua simu kunirekodi.

Mke wangu alijiziba mdomo. Laoban alinitazama, akaligeukia geti lililokuwa wazi, akanitazama tena.  Suruali ikachanika, nami nikaangukia ndani.

Sikufika chini. Walinidaka, wote, kipa mnene akiwa mbele. Mtu akanipa maji, mwingine akanipangusa mgongo. Yule wakala mzee wa upande wa kushoto alinikumbatia kana kwamba nimetoka hospitali. Nilikuwa peku, suruali imepasuka nyuma, na timu yangu ilikuwa imenirudia. Filimbi ikalia.

Nimecheza mpira maisha yangu yote na sijui namna ya kukieleza kipindi kile cha pili. Kabla mpira haujasogea nilimsikia kijana wa madaraja akipanga wenzake, na hakunyamaza tena. Alipandisha mstari, akaushusha, akamwita kiungo arudi, akamfukuza kipa atoke golini. Wakongo waliokuwa wakitembea kwetu kama kwao kipindi cha kwanza wakawa wanaotea kila mara, wakaanza kulaumiana kwa Kifaransa. Sisi tukapata goli moja kwa kona, na jingine kwa kubahatisha. Tukamaliza sare. Mimi sikupaza sauti hata mara moja, kwa sababu kila nilichotaka kusema kilikuwa kinasemwa, kwa maneno yangu mwenyewe, na mdomo wa mtu mwingine. Nilikaa kwenye benchi nikishangaa. Nilikuwa sijui kwamba kufundisha kunaweza kufika hapo.

Laoban aliondoka bila kuniaga. Alimwambia kijana kwamba kesho yake anatutaka sote wawili ofisini kwake Zhanxi, na yeye aje kama mkalimani.

Ofisi ilikuwa ghorofani, katikati ya sampuli za jezi zilizoning'inizwa mpaka darini. Laoban alitumiminia chai kwenye vikombe vidogo, akaanza kuzungumza. Kijana alitafsiri vizuri, kwa utulivu. Anasema kipindi cha pili kimemfurahisha. Anasema hajawahi kuona ulinzi unaoongea namna ile, na anataka watoto wake wafundishwe hivyo hivyo. Nikaweka kikombe chini. Nilianza kupanga nitakavyomwambia mke wangu.

Kisha laoban akaendelea, na tafsiri ikakoma. Kijana akajibu mwenyewe kwa Kichina, akitikisa kichwa. Laoban akasisitiza. Nikasikia buxing, neno ninalolijua kwa kuwa sokoni tunaambiwa kila siku tukiomba tupunguziwe bei: haiwezekani. Laoban akatoa simu, akaigeuza upande wangu. Nilikuwa mimi, juu ya uzio, ninavuta suruali.

"Wazazi wametumiana hiyo," kijana akasema. "Anasema hawezi kuwakabidhi watoto wao kwa mtu anayepanda uzio na geti liko wazi." Akaitazama ile simu. "Anasema ananitaka mimi."

Nilimwomba arudie. Akarudia, sauti ikiwa imepungua. Laoban alimwona akiongoza kipindi kizima, na mimi aliniona nimekaa kwenye benchi bila viatu, sisemi kitu. Tena huyu anajua Kichina, ana elimu, na masomo yake yanaisha, kwa hiyo mkataba utamfaa.

Sijui nilikuwa na sura gani. Laoban alijaza chai tena akingoja jibu, mpole, mtu asiyejua amefanya nini. Kijana akaniinamia.

"Nimwambie, kocha? Nimwambie kwamba mimi ndiye niliyeruka wa kwanza, kabla hajafika?"

Ilikuwa kweli, na ingetosha sentensi moja. Nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba nusura niseme ndiyo. Lakini hata akisema, kazi haiji kwangu, inaondoka kwake tu. Mshambuliaji akishanipita, nilizoea kuangalia nyuma nimebakiza nani. Nyuma yangu alikuwa yeye peke yake.

"Mwambie unakubali," nikamwambia. "Na usimwambie lingine."

Alikubali kwa sauti ambayo hata mimi nisiyejua Kichina niliisikia ikitetemeka. Tukashuka ngazi, tukatokea kwenye msongamano wa mikokoteni na watu wanaobishania bei. Alitaka kuniomba msamaha, nikamkataza kwa mkono, maana nisingeweza kuusikia wakati ule. Ndipo akasema kwamba amepewa watoto wadogo kabisa, wanaanza Jumamosi, na hajui aanzie wapi. Mimi peke yangu ndiye niliyewahi kumfundisha.

Nilitaka kumwacha palepale. Nasema kweli, nilipiga hatua kuelekea kwenye treni ya chini ya ardhi. Halafu nikarudi, nikamshika mabega, nikamgeuza ubavu kama beki anavyotakiwa kumkabili mshambuliaji. Nikampiga mguu wa nyuma kwa mguu wangu ili aupanue. Nikamwambia watoto wasiguse mpira mpaka wajue kusimama, na kila mtoto afundishwe jina la mwenzake kwanza, maana hutamwita mtu usiyemjua jina. Wasukuma mikokoteni walitufokea tuondoke njiani. Tulisogea kidogo, tukaendelea.

Mke wangu alitukuta hapo. Laoban alikuwa amempigia simu, kwa hiyo alijua kila kitu, na macho yalikuwa yamemwiva. Aliniona nimechuchumaa na goti langu bovu, nikikisogeza kiatu cha kijana kwenye lami. Hakutukatisha. Alisimama pembeni, mkoba kifuani, akatungoja tumalize.